Pampu Aliyoisikia Mjomba

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili, ukoo wetu mzima uliamini kwamba bibi alifariki bila kumwona mama yangu kwa sababu mama hakuangalia maji ya gari kabla ya kuanza safari, likamchemkia njiani. Hakuna aliyelisema kwa ubaya. Lilisemwa kama watu wanavyosema jana mvua ilinyesha. Siku ya tatu ya msiba mama mkubwa alikuwa anapanga viti ukutani, akasema, "Maji tu jamani. Dakika mbili za kufungua boneti." Mama alikuwa pale pale anaosha vikombe. Aliendelea kuosha.

Mimi pia niliamini. Aliyejua kwamba si kweli alikuwa mtu mmoja tu, naye ni mjomba wangu, kaka yake mama. Nataka kueleza habari zake vizuri, kwa sababu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Mjomba ni fundi wa magari tangu kabla sijazaliwa. Mtaani wanamwita Sikio. Gari likiletwa linalia, yeye haulizi mengi. Anachukua bisibisi yake ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini inayounguruma, mpini anaubana kwenye tundu la sikio, kisha anafumba macho. Baadaye anasema, "Hii beringi inalalamika," au, "Hapa pazima, kelele inatoka kwa jirani yake." Hakosei mara nyingi. Mkewe humtania, "Injini anaisikia ikiwa nyumba ya tatu. Mimi nikimwomba anichotee maji, mpaka nimpigie simu."

Ana desturi nyingine. Kila nati anayoishughulikia huitia nukta ya rangi ya kucha. Nukta nyekundu maana yake nimekaza, asiguse mtu. Nyeupe maana yake bado, lazima nirudi hapa. Chupa zote mbili alizitoa kwenye meza ya kioo ya mkewe, na mkewe anasema hajaona mwanamume mwingine anayemaliza rangi ya kucha na hana ukucha hata mmoja safi.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo tulilizoea hata hatukuliona kuwa kosa. Gari la mteja lilitengenezwa leo. Gari la ndugu lilitengenezwa kesho. Pikipiki ya shemeji yake ilikaa gereji miezi minne bila taa. "Ya kwetu yapo tu," alikuwa anasema. "Ndugu hakimbii." Aliamini kabisa kwamba mtu wa nyumbani anaelewa, na kweli tulikuwa tunaelewa.

Gari la mama lilikaa nyuma ya nyumba yetu chini ya turubai tangu siku lilipovutwa na lori kurudishwa. Mama hakuligusa. Mwezi uliopita aliamua kuliuza, na mwalimu mmoja wa chekechea akasema atakuja Jumapili kulitazama, mradi linatembea. Mama akataka kumwita fundi wa karibu na kazini kwake. Mjomba aliposikia alikuja siku hiyo hiyo, jambo ambalo peke yake lilikuwa la ajabu.

"Gari ya dada yangu haishikwi na fundi mwingine," alisema. "Nitaifanya mwenyewe. Ijumaa."

Na Ijumaa akaja kweli, saa mbili asubuhi, na pampu mpya ya maji ndani ya boksi lake. Tulisema amebadilika. Mama alimpikia chai kama mgeni.

Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi mambo ya injini napenda kuyatazama kuliko sinema. Nikachukua ndoo, nikaigeuza, nikakaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Bi Maswali. Wamefunga shule, maswali hawajayafunga?"

"Maswali hayana likizo."

"Haya. Shika tochi basi, ulipie darasa."

Aliweka beseni chini ya rejeta, akafungua kizibo cha chini, maji yakatoka. Yalikuwa ya kahawia, yana harufu tamu tamu kama dawa ya kikohozi. Nikamwuliza pampu inafanya kazi gani hasa, nikamwambia kitabu chetu kinasema ni kama moyo.

"Kila mtu anasema moyo," alijibu. "Mimi nasema ni mtu mwenye mkokoteni. Anachota joto kwenye injini, analipeleka mbele kwenye rejeta lipigwe na upepo, anarudi kuchota tena. Hapumziki mpaka uzime gari. Akichoka yeye, joto linabaki ndani na injini inachemka, hata ukiwa na pipa la maji."

"Hata maji yakiwa yamejaa?"

"Hata yakiwa yamejaa," alisema, na sasa nakumbuka kwamba hakunitazama.

Alilegeza mkanda wa feni, akautoa. Akafungua puli, gurudumu la mkanda, kwa spana namba kumi, akanikabidhi nati moja moja niziweke kwenye kifuniko cha kopo. Pampu ikabaki wazi, chuma chenye umbo la konokono ubavuni mwa injini. Nikaisogezea tochi. Chini yake palikuwa na ukoko mgumu wa kijani, umeteremka kwenye chuma kama nta ya mshumaa, mstari mrefu hadi chini kabisa.

"Hiki kijani ni nini?"

"Hiyo ni ile dawa tunayochanganya na maji ya rejeta. Maji yanakauka, rangi inabaki. Ona hapa." Alionyesha kwa ncha ya bisibisi kitundu kidogo tumboni mwa pampu, kidogo kama tundu la sindano ya kushonea magunia. "Hiki hakikutoboka. Kiliwekwa makusudi na waliotengeneza. Ndani kuna mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, zile gololi zinazoizungusha. Mpira ukichoka, maji yanatokea hapa injini ikiwaka, tone tone, ili fundi aone mapema kabla mambo hayajaharibika."

"Ukoko mnene hivi unachukua muda gani?"

"Wiki tano, sita. Inategemea." Alijibu haraka na kwa fahari, kama anavyojibu siku zote mtu akimwuliza kazi yake. Kisha spana yake ikasimama.

Mimi si mwerevu wa hesabu, lakini hii haikuhitaji kalamu. Gari halikuwashwa tangu siku ile ya bibi. Kama ukoko ule ulichukua wiki tano, basi pampu ilikuwa inavuja kabla ya safari. Nikasogeza tochi juu kidogo, na pale juu, kwenye boliti ya kwanza ya pampu, nikaona nukta nyeupe. Kingo zake zilikuwa zimeungua zikawa za njano, lakini ilikuwa nyeupe.

"Mjomba, hii nukta."

Aliifuta kwa kidole gumba. Rangi ya kucha haitoki kwa kidole, naye analijua hilo kuliko mimi.

"Uliiweka lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Ile ile," alisema. Akakaa chini kwenye saruji, miguu mbele, kama mtoto. "Kabla ya Jumamosi ile."

Nilidhani ataniambia nikasome. Badala yake alieleza, akiwa anaigeuza geuza spana mikononi. Mama alimpelekea gari Alhamisi jioni, akamwambia kaka, mama yetu amezidiwa, keshokutwa naenda, hebu nitazamie gari. Alitazama. Aliweka bisibisi sikioni akasikia beringi ya pampu inakwaruza, akamulika akaona tone. Pampu mpya ilikuwa inauzwa upande wa pili wa mji, na gereji palikuwa na mwenye lori aliyekuwa anafoka kwamba mzigo wake unaoza. Mjomba akajaza maji, akatia nukta nyeupe, akamwambia dada yake, nenda tu, iko safi, ukirudi Jumatatu kuna kitu kidogo nitafanya.

"Nilihesabu kwamba itafika," alisema.

"Ingeweza kufika?"

"Nyingine zinafika."

"Lakini msibani si wewe uliyemwuliza mama kama aliangalia maji? Mbele ya watu wote. Mimi nilikuwepo."

"Lilinitoka tu. Ndilo swali ninalouliza kila gari iliyochemka, miaka ishirini na sita. Mdomo ulisema kabla yangu. Yeye akajibu sikumbuki, watu wakageuka kumtazama, na mimi..." Alifikiri kidogo. "Nikaona afadhali nimwambie kesho yake, watu wakipungua."

"Kesho ipi, mjomba?"

Ndipo nikaelewa kwa nini gari la dada yake halishikwi na fundi mwingine. Fundi yeyote angeinama na tochi angeona nilichoona mimi mwanafunzi. Nilihisi kama nimemkuta mtu mzima hana nguo.

Sijui ningefanya nini kama ningekuwa mtu mwenye busara. Mimi nilimwambia kuhusu mama. Nilimwambia kwamba tangu msiba, mama akitoka nyumbani anarudi kutoka getini kuangalia kama bomba limefungwa, na akishaona limefungwa anarudi tena. Anajiandikia kiganjani kwa kalamu: gesi, dirisha, pasi. Siku moja alishuka kwenye basi njiani akarejea nyumbani kwa miguu kwa sababu ya pasi ambayo wala hakuwa ameitumia, na kazini wakamkata mshahara wa siku. Sisi nyumbani tulikuwa tunamcheka. Tulimwita mkaguzi.

"Sikujua," alisema mjomba.

"Hujawahi kukaa hapa zaidi ya dakika kumi. Ungejuaje?"

Niliogopa kwamba nimevuka mpaka. Lakini alitikisa kichwa tu, akasimama, akamaliza kazi. Aliitoa pampu ya zamani, akanionyesha mapanga yake ya kusukumia maji yaliyoliwa na kutu yakabaki vijiti. Alikwangua gasketi kuukuu, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, polepole hadi chuma kikang'aa, akapaka gundi, akaweka gasketi mpya na pampu mpya, akakaza boliti moja juu, nyingine chini upande wa pili, kidogo kidogo, ili ikae sawa. Alibadilisha pia mpira mmoja wa rejeta uliokuwa umepasuka mdomoni. Alitoa chupa ya rangi nyekundu, akaishika kidogo, akairudisha mfukoni bila kuifungua. Kisha tulijaza maji na dawa, tukawasha injini mfuniko ukiwa wazi, tukangoja povu la hewa litoke lote. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukatulia. Chini pakavu.

"Imepona," nilisema, kwa sababu ndivyo tunavyosema siku zote.

Mjomba aliingia ndani bila kunawa mikono. Mama alikuwa sebuleni anapiga pasi sare zangu.

"Tayari kaka? Nikuwekee maji ya kunawa?"

"Kwanza nisikilize. Usinikatize, nikikatizwa sitasema."

Akasema yote. Alhamisi, tone, nukta, lori la mtu, swali la msibani. Aliyasema kwa sauti ile ile anayomwelezea mteja ugonjwa wa gari, pengine hana sauti nyingine. Mama hakumkatiza. Alichomoa pasi ukutani, akaisimamisha, akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Niliangalia," alisema. "Asubuhi ile niliangalia. Nilifungua, nikaona maji yamefika juu, nikafunga. Nilikuwa na kitambaa cha bluu mkononi. Halafu wewe ukaniuliza, nikaanza kufikiri labda ilikuwa siku nyingine. Nimekitafuta kile kitambaa kichwani mwangu mwaka mzima."

"Nisamehe dada."

"Ngoja. Nilikupigia simu pale barabarani. Ukaniambia subiri ipoe, ongeza maji, nenda mdogo mdogo. Nikafanya hivyo mara tatu. Ulikuwa umeshajua ni pampu."

Mjomba alitazama mikono yake. "Nilijua."

"Mabasi mawili yalisimama, kaka. Sikuyasimamisha, yalisimama yenyewe. Kondakta akaniuliza, mama, unapanda? Nikamwambia hapana, fundi wangu amesema ningoje."

"Ningekwambia iache gari, upande basi, ungeniuliza kwa nini."

Hilo lilikuwa baya kuliko yote aliyoyasema, nadhani hata yeye alilisikia. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Mama alikunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ukibadilisha pampu, gari huwa inajaribiwa?" aliuliza.

"Lazima. Safari ndefu kidogo, ipate moto kweli."

"Kesho saa mbili kamili, kama nilivyoondoka siku ile, tunaijaribu. Tunaenda kwa dada."

Nyumbani kwa mama mkubwa ndiko bibi alikouguzwa. Kesho yake mama aliendesha mwenyewe. Mjomba alikaa pembeni yake, mimi nyuma. Hakuna aliyewasha redio. Mjomba hakuyatoa macho kwenye mshale wa joto, nao haukusogea, ulikaa katikati kama umepigwa msumari. Tulipopita mahali fulani, kona yenye mawe makubwa na duka la matairi, mama alipunguza mwendo kidogo, akaongeza tena. Hakusema ni hapo.

Tuliingia kwenye geti la mama mkubwa, mama akazima injini, akatazama saa.

"Saa nne na dakika kumi," alisema.

Bibi alifariki saa saba na robo. Wote watatu tulikuwa tunajua hesabu ya kutoa.

Mama mkubwa alitoka na upawa mkononi, anafurahi na kushangaa. "Nyie, mbona hamkusema mnakuja? Na hii gari imefufuka?"

"Dada," mama alisema kabla hata ya kumwamkia, "siku ile, saa nne na dakika kumi, mama alikuwa anafanya nini?"

"Jamani, ndugu yangu, ya nini sasa?"

"Niambie tu."

Mama mkubwa alimtazama mama, akamtazama mjomba aliyekuwa bado ameshika mlango wa gari. "Kaka, kuna nini?"

Naye akasema tena, pale uani, kwa maneno machache kuliko jana. Kwamba gari lilikuwa bovu na alilijua bovu, na maji yaliangaliwa. Mama mkubwa aliushusha ule upawa. "Na mimi nilimsema mbele za watu," alisema. "Mara ngapi nimemsema." Hakuna aliyemhesabia.

Tuliingia kwenye chumba cha bibi. Sasa ni chumba cha cherehani, lakini kitanda kipo. Mama alikaa ukingoni, akapapasa godoro pembeni yake mpaka mama mkubwa akaketi. Mjomba alisimama mlangoni. Nilidhani ataondoka akakague mpira wa rejeta, kwa maana hiyo ndiyo njia yake ya kuondoka mahali, lakini alibaki.

"Saa nne na dakika kumi," mama mkubwa alianza, "alikuwa amekaa, hapo ulipo. Nilikuwa namchana nywele. Alisema namvuta. Akauliza, kitindamimba wangu ameshafika? Nikamwambia yuko njiani. Akasema basi nichane vizuri, asinikute kama mwendawazimu."

Mama alicheka, kicheko kifupi kilichoishia puani.

"Na saa nne na nusu?"

"Nilimpa uji. Vijiko vitatu. Cha nne alikataa, akasema cha nne atakula na wewe."

"Saa tano?"

Mama mkubwa aliendelea. Alikuwa anakumbuka kila kitu, hata dirisha lipi lilikuwa wazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza na alikuwa ameyaweka yote. Saa tano bibi alisinzia. Saa tano na nusu aliamka akataka mto ugeuzwe. Saa sita aliuliza tena, na mara hii hakusema kitindamimba, alimwita mama kwa jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Mama alikuwa anauliza saa moja baada ya nyingine, nusu baada ya nusu, kama mtu anayekunywa dawa kwa vipimo. Mara moja tu mjomba alisema kwa sauti ndogo, "Dada, inatosha," na mama akamjibu bila kugeuka, "Kwangu haijatosha. Wewe sikiliza tu. Kusikiliza unakujua."

Akasikiliza. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kichwa kimeinama upande mmoja, macho ameyafumba, na hakuna chozi lililomtoka, ila midomo ilikuwa inachezacheza kila mama mkubwa alipotaja saa.

"Saa saba kasoro robo," mama alisema.

"Saa saba kasoro robo alinishika mkono. Alidhani ni wewe. Nikamwachia adhani."

Nje jirani alikuwa anafagia. Mama akauchukua mkono wa mama mkubwa, ule ule, akaugeuza akautazama pande zote mbili.

"Endelea, dada," alisema. "Imebaki nusu saa."